Wamebaki Wanne

Maneno haya niliyasikia bombani, nikiwa wa sita kwenye foleni. Ningeyaacha palepale na maji yaliyomwagika, lakini sikuweza. Jirani yangu Mama Kija alisogeza ndoo yake iliyojaa karibu na yangu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba kabla ndugu hawajafika.

"Mama Getrude, umesikia ya kwenye mkutano? Wamehesabu. Kompyuta imetoa idadi ya watakaokufa kata yetu mwaka huu. Kumi na moja."

"Watakaokufa na nini?"

"Na moshi. Nilikuwepo mimi mwenyewe, yule dada mtafiti amesimama mbele anasema kumi na moja." Akaanza kukunja vidole. Mzee Silvesta wa dukani, wiki ya Pasaka. Bibi wa nyumba ya kona. Fundi baiskeli. Aliendelea mpaka akafika saba. "Wamebaki wanne," akasema, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Ilikuwa mwezi wa saba, Mpanda imekauka, baridi ya asubuhi inauma na hewa imejaa majivu ya nyasi zinazochomwa mashambani. Mume wangu Gervas alikuwa Karema, kafuata dagaa. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Getrude wa miaka kumi na miwili, na Salvatori wa miezi saba. Na Salvatori alikuwa anakohoa.

Nilitembea njia nzima nikihesabu. Nilipomwona mtu anakohoa nilisema moyoni, huyu labda ni wa nane. Kisha nikakumbuka mtoto wangu, nikaacha kuhesabu, nikaongeza mwendo.

Niwaeleze kwanza jinsi tulivyokuwa tukiishi, maana najua wengi wenu mnaishi hivyohivyo. Kila asubuhi Getrude ndiye aliyewasha jiko la mkaa. Aliweka juu kipande cha ndala kuukuu au mfuko wa plastiki, akakitia kiberiti. Plastiki inashika upesi, nani asiyejua. Ule moshi mweusi aliupepea kwa mfuniko huku amegeuza uso, halafu akapika chai, akaenda shule. Mkaa ukikosekana tulipika kwa kuni na magunzi kwenye chumba kidogo cha nyuma, chenye kidirisha kimoja kisichozidi ukubwa wa daftari. Kuta zake zilikuwa nyeusi tii. Mimi niliuona weusi ule kuwa heshima, dalili ya nyumba inayopika kila siku.

Jumatatu ya wiki ileile, kabla sijasikia maneno ya bombani, yule dada mtafiti alikuwa amekuja kwangu. Anaitwa Nyanzala. Aliongozana na Audace, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Walitundika jikoni kiboksi cheupe, kama pakiti ya sukari ya nusu kilo, chenye kitaa cha kijani kinachokonyeza. Nyanzala aliuliza tunaishi wangapi, nani anakohoa, nani amewahi kufia katika nyumba hii na alikuwa na umri gani. Nikamtajia mama mkwe, aliyekohoa miaka miwili mpaka akapumzika. Akaandika.

"Kisiguswe, mama," alisema. "Kisifunikwe wala kisihamishwe. Pikeni kama mnavyopika siku zote. Ijumaa nitakifuata."

Siku ile nilifurahi kupata mgeni, hata nikamkaangia karanga. Baada ya maneno ya Mama Kija, kile kitaa kiligeuka kuwa jicho. Nilijiambia: wanatafuta wale wanne. Nyumba itakayoonekana ina moshi mwingi, hiyo ndiyo itakayotoa mtu. Hofu haina shule. Hata aliyesoma, ikimwingia anakuwa kama mimi siku ile.

Getrude aliporudi mchana nikamwambia, "Kitoe hicho kiboksi. Kifunge kwenye mfuko, ukakiweke bandani kwa kuku."

"Mama, dada alisema kisiguswe."

"Aliyekuzaa ni yeye au ni mimi?"

Getrude alikitoa polepole, kama anayebeba yai. Akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kukiweka bandani juu ya kiota kitupu. Kisha nikafanya la pili, ambalo ndilo linalonitoa jasho hadi leo. Nilichukua matambara na vipande vya kitenge, nikaziba matundu yote ya hewa ya chumba cha kulala na dirisha lake pia. Nilisema hewa mbaya iko nje, kwenye nyasi zinazoungua na kwenye tanuru la matofali la jirani, basi isiingie kwetu. Na kwa kuwa chumba kilikuwa baridi na mtoto anakohoa, nikaingiza jiko ndani, karibu na kitanda. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, mtoto mchanga hukaa na joto la mkaa. Tunaliacha nje mpaka mkaa uive wote uwe mwekundu, ndipo tunaliingiza, tukiamini kwamba mkaa ulioiva hauna moshi, kwa hiyo hauna neno.

Huko shuleni nako maneno yalishafika, na watoto walikuwa wameyageuza mchezo. Akikohoa mtu darasani, wanamtajia namba. Siku ya Alhamisi Getrude alikohoa wakati wa hesabu. Dieudonne, anayekaa dawati la nyuma yake, akasema, "Wa nane huyo. Kabatini kwenu mna nguo nyeupe?"

Darasa likacheka. Getrude hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa karibu na Salvatori, akamwangalia anavyopumua.

"Mama, ni kweli wameandika majina?"

"Namba wanayo. Majina wanatafuta," nikamjibu. Huo ndio ujinga niliomlisha mwanangu.

Ijumaa saa nne asubuhi nilimtuma akirudishe kiboksi ukutani. Alikuwa amebaki nyumbani kunisaidia mtoto, maana usiku kucha Salvatori alikuwa amelia. Nyanzala na Audace walipofika, kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa unyoya mmoja wa kuku ulionasa kwenye tundu la kiboksi. Audace aliuona. Akautoa kwa vidole viwili, akautazama, akautia mfukoni.

Nyanzala alikiunganisha na simu yake, akakunja uso. "Mama, hii ni nyumba safi kuliko zote nilizopima. Ukiacha siku ya kwanza, huku ndani hamna moshi kabisa. Mnapikia wapi?"

"Nje," nikasema. "Sisi tunapikia nje."

Alitazama kuta nyeusi. Halafu akamtazama Getrude. Nami nikamtazama Getrude, na mnajua mama anavyoweza kumtazama mtoto mbele ya wageni. Getrude akainamisha kichwa. Nyanzala akaandika, akaaga. Nilijiona nimeshinda. Nyumba yangu ilikuwa imetoka kwenye hesabu.

Jumanne na Jumamosi ndizo siku za maji mtaani kwetu. Alfajiri ilikuwa na baridi kuliko siku zote na kikohozi cha Salvatori kilikuwa kimeshuka kifuani. Nikajaza jiko mkaa mara mbili ya kawaida, ukaiva, nikaliingiza chumbani. Nikamlaza mtoto, nikamwambia Getrude, "Kaa naye. Usifungue mlango mpaka nirudi, baridi isimpate." Nikafunga mlango, nikaenda bombani.

Yaliyotokea nyuma yangu Getrude alinieleza baadaye. Alisema mwanzoni chumba kilikuwa kizuri, kina joto, kama blanketi. Hakukuwa na moshi wala harufu. Kisha kichwa kikaanza kumbana pande zote mbili, kama amefungwa kamba. Akadhani ni njaa. Akataka kusimama, magoti yakawa kama si yake. Alipomgeukia Salvatori akaona amenyamaza. Alikuwa amekohoa tangu alfajiri, sasa amenyamaza, na midomo yake imelegea.

Getrude alisema kilichomtisha kuliko vyote ni ule ukimya. Alikumbuka nilivyomkataza kufungua mlango. Akawaza, mama akirudi atanichapa. Halafu akawaza, mama akirudi atamkuta nani? Akamvuta mtoto kwa kitenge, akatambaa mpaka mlangoni, akasukuma komeo, wakatoka wote wawili wakaangukia kibarazani. Kisha akarudi ndani. Akachomoa matambara dirishani, akalivuta jiko nje kwa kipande cha kitenge. Vidole viwili vikaungua.

Mimi nilikuja na ndoo kichwani, nikaona mtoto wangu mgonjwa amelala sakafuni kwenye baridi.

"Getrude, umemtoa mtoto nje? Nilikwambia nini?"

Alikuwa ameegemea ukuta, anatapika. Akafuta mdomo kwa mkono. "Mama, mle ndani hewa imekufa," akasema.

Nikamtupia macho Salvatori. Kila alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilibonyea kuingia ndani, na pua zake zilipanuka. Ndoo iliniponyoka. Sijui maji yalienda wapi.

Nilipopiga mayowe Audace alikuja mbio, akatupakia kwenye pikipiki yake, mimi katikati na mtoto, Getrude nyuma amenishika. Njia nzima nilikuwa nasema kimoyomoyo, wa nane, wa nane, siwezi kujizuia. Kituo cha afya muuguzi alimpokea Salvatori, akamwekea kifaa cha kusikilizia kifuani.

"Asubuhi hii mtoto alikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kulikuwa na moto ndani? Mnapikia wapi?"

Nikasema, "Nje. Sisi tunapikia nje." Uongo wa jana ulikuwa umeshazoea mdomo, ukatoka wenyewe. Nilimwogopa muuguzi, nilimwogopa Audace aliyesimama mlangoni, niliogopa kuambiwa nimemuua mwanangu.

Nikahisi mkono wa Getrude kwenye kiwiko changu. Ulikuwa baridi.

"Shikamoo, dada," alimwambia muuguzi. "Mama anaogopa tu. Jiko lilikuwa chumbani, lina mkaa mwingi. Mlango umefungwa na dirisha limezibwa matambara. Na mimi kichwa kinaniuma, nimetapika. Na kile kiboksi cha dada Nyanzala tulikiweka kwa kuku."

Muuguzi hakunigombeza. Aligeuka akaita mwenzake. "Lete oksijeni. Mtoto ana nimonia, na wote wawili wamevuta sumu ya mkaa. Huyu binti naye mlaze." Kisha akaniambia huku mikono yake inafanya kazi, "Ningetibu nimonia peke yake, mama. Umshukuru huyu."

Nilikaa sakafuni kati ya vitanda viwili. Saa zilipita nikisikiliza mashine ya oksijeni ikipumua kwa niaba ya wanangu. Kila muuguzi alipoinama juu ya Salvatori nilifumba macho, nikihofia kwamba nikimwangalia usoni nitasoma jibu kabla sijawa tayari. Getrude alipata nafuu jioni ileile. Salvatori alikaa siku nne. Siku ya tatu alinyonya, akaniuma, nikalia kwa furaha ya kuumwa.

Nyanzala alikuja kutuona siku ya nne, akiwa na Audace. Nilitaka kuomba msamaha lakini swali likatangulia. "Niambie kweli, mwanangu. Sasa wamebaki wangapi?"

Hakunielewa. Nikamweleza habari ya bombani. Akauliza, "Mama Kija alikaa mpaka mwisho wa mkutano?"

Audace akacheka kwa pua. "Aliondoka soda zilipogawiwa. Na wengine wengi. Waliobaki mpaka mwisho tulikuwa tisa."

"Ndiyo maana," alisema Nyanzala. Akavuta kiti karibu yangu. "Mama, wewe unafuga kuku. Ukiacha vifaranga kumi nje bila kuwafunika tenga, mwewe anachukua wangapi?"

"Watatu. Mwaka mbaya wanne."

"Unajuaje, na hajaja bado?"

"Nimefuga miaka mingi. Nimeona."

"Unajua ni kifaranga yupi atakayechukuliwa?"

"Hilo hata mwewe hajui."

"Na ukiwafunika tenga?"

"Labda mmoja, yule mkaidi anayechomoka."

"Basi hiyo ndiyo hesabu yangu," akasema. "Kata yetu hufiwa na watu kama mia moja na ishirini kwa mwaka, kwa sababu zote. Tumepima moshi kwenye nyumba nyingi, tumeuliza habari za wagonjwa na za marehemu, tukalinganisha nyumba za moshi mwingi na nyumba za moshi kidogo zinazofanana nazo kwa umri na maisha. Kutokana na hapo tunakadiria kwamba kama kumi na moja kati ya hao wasingekufa mwaka huo kama hewa ingekuwa safi. Wanaweza kuwa tisa, wanaweza kuwa kumi na tatu. Si watu fulani. Hakuna majina. Na wale saba wa Mama Kija, wengine walikufa kwa ajali, wengine kwa uzee. Nilichosema mwisho wa mkutano, wakati watu wameshika soda, ni kwamba idadi hiyo inaweza kupungua. Hesabu si hukumu. Ni tenga."

Getrude alikuwa anasikiliza, vidole vyake vimefungwa bandeji. Akauliza, "Na kiboksi chetu kilichokaa kwa kuku?"

"Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi," Nyanzala akasema. "Ningeandika nyumba isiyo na moshi, yenye mtoto mwenye nimonia na bibi aliyekufa kwa kikohozi. Nyumba ishirini zikifanya hivyo, hesabu itasema moshi hauna kosa. Halafu nani atahangaika kuupunguza? Tumegundua si nyie peke yenu. Mmoja alikifungia sandukuni. Mwingine alikiweka kwenye friji."

Audace alishindwa kujizuia, akatoka nje kucheka.

"Lakini ule mkaa," nikasema, "ulikuwa umeiva. Hakukuwa na moshi."

"Mkaa ulioiva unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, mama. Hata kiboksi changu hakiioni hiyo. Ndani ya chumba kilichozibwa inaua kimyakimya, mtu anadhani amepata usingizi."

Nikamwomba arudishe kiboksi nyumbani kwangu kipime upya. Safari hii tulipika kama tunavyopika siku zote, ila mtoto nilimpeleka akae kwa dada yangu siku hizo tano. Namba iliyotoka sikuipenda, lakini ilikuwa ya kweli. Gervas aliporudi kutoka Karema nilimweleza yote bila kuficha. Alitoka na sururu, akabomoa ukuta wa chumba cha nyuma kwa juu ili hewa ipite, kisha nje akajenga banda la kupikia lililo wazi pande mbili, mbali na mlango wa chumba cha kulala.

Getrude aliporudi shule, Dieudonne alimpokea mlangoni. "Wa nane amefufuka."

"Kwenu mnawasha jiko na nini?" Getrude akamuuliza.

"Na mfuko. Kwa nini?"

"Basi kaa chini nikwambie, kabla hujawa wewe wa nane." Akamwonyesha vidole vyake, akamsimulia mle chumbani mlivyokuwa kimya. Nimeambiwa tangu siku ile mchezo wa namba umekufa darasani kwao.

Mwaka haujaisha. Sijui kama kata yetu itafikisha kumi na moja au itapunguza. Najua tu kwamba mmoja kati yao nilitaka kumtengeneza kwa mikono yangu, kwa hofu na kwa uongo, na mtoto wa darasa la sita ndiye aliyenizuia kwa kufungua mlango na kusema kweli. Bado naogopa. Nikiona jiko limeingizwa ndani kwa mtu, nalitoa mwenyewe kabla sijasalimia. Kwa hiyo nawaandikia nyie watoto, maana majiko mengi mnawasha nyie. Msifanye haya:

Usiwashe jiko kwa plastiki, ndala wala mpira. Tumia majani makavu au vijiti.

Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala, hata kama mkaa umeiva, hata kama mtoto ana baridi. Mvike nguo, mkumbatie.

Usizibe matundu ya hewa.

Usibebe mtoto mgongoni wala kumlaza karibu wakati unapika kwa kuni.

Usichome taka karibu na nyumba. Pumba za mpunga nazo ni taka.

Usiguse kipimo ulichoambiwa usikiguse.

Usitoke kwenye mkutano katikati halafu ukasimulia mwisho wake.

Usimtajie mwenzako namba ya kifo, hata kwa utani.

Ukiona mtoto mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, usingoje asubuhi wala usimngoje baba. Mpeleke.

Na daktari au muuguzi akiuliza, usimdanganye, hata kama mama yako anakutazama.